Kutoka "Simu Imezimwa" hadi "Nimezimiwa Simu": Lugha ya Mabishano kuhusu Simu Bandia nchini Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya mabishano yaliyozuka kuhusu kuzimwa kwa simu bandia nchini Kenya mwaka 2012 na nchini Tanzania mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba mabishano hayo, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ya kiufundi au ya kibiashara, yalikuwa pia ya kisarufi na ya kifani: nani atajwe katika sentensi na nani aachwe, neno gani libebe hatia, na utanzu gani wa majibizano uongoze mazungumzo baina ya mamlaka na raia. Makala yanachunguza matumizi ya maneno bandia, ghushi, feki na orijino. Yanalinganisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendewa katika kitenzi zima. Kisha yanaisoma kampeni ya elimu kwa umma sambamba na ngonjera, na majibu ya raia sambamba na malumbano. Inahitimishwa kwamba lugha ya pande zote mbili ilimweka kando mhusika mmoja muhimu, yaani muuzaji, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kumrejesha.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuikabili teknolojia kwa swali la istilahi. Je, kifaa kipya kiitwe kompyuta au tarakilishi, simu ya mkononi au rununu, akili mnemba, akili bandia au akili unde? Swali hilo lina uzito wake, na historia ya neno kishikwambi inathibitisha kwamba istilahi inaweza kutoka katika orodha za wanaleksikografia na kuingia vinywani mwa watu mara kifaa chenyewe kinapowafikia. Baada ya vishikwambi kutumiwa katika sensa ya watu na makazi ya Tanzania mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu, neno hilo halikuhitaji tena mtetezi.

Hata hivyo, kukipa kifaa jina ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo watu hukinunua, hukisifu, hukilaumu na hubishana juu yake. Mabishano ya aina hiyo ni sehemu ya maisha ya kila siku katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki: simu ipi hudumu na chaji, kwa nini bando huisha mapema, kioo kipi ni halisi na kipi si halisi, nani alaumiwe kifaa kikiharibika. Mhakiki anaweza kuyapuuza kwa kuyaona porojo za barazani. Akifanya hivyo, atapoteza fursa ya kuiona lugha ikifanya kazi mahali ambapo mali, heshima na haki ya mtu vimo hatarini.

Makala haya yanachagua kisa kimoja ambamo mambo hayo yote yalikutana. Nchini Kenya, Tume ya Mawasiliano iliweka tarehe 30 Septemba 2012 kuwa siku ya mwisho kwa simu bandia kutumika katika mitandao ya nchi hiyo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitangaza utaratibu kama huo mwishoni mwa mwaka 2015, na simu bandia zikazimwa tarehe 16 Juni 2016. Katika nchi zote mbili, watu waliokuwa wamenunua simu dukani kwa fedha zao waliamka wakiwa na kifaa kisichoweza kupiga wala kupokea. Makala hayakusudii kuhesabu waliounga mkono na waliopinga. Yanakusudia kusoma maneno na miundo ambayo kwayo jambo hilo lilisemwa.

2.0 Bandia, ghushi, feki: uzito usiolingana wa visawe

Kwa mtazamo wa haraka, bandia, ghushi na feki ni visawe. Matangazo rasmi ya Tanzania yalipendelea simu bandia, Kiswahili cha vyombo vya habari vya Kenya kina mazoea ya kusema bidhaa ghushi, na watu wa mitaani katika nchi zote mbili walisema simu feki. Lakini kila neno lina historia yake, na historia hiyo huingia katika hukumu.

Bandia ni neno lenye sura mbili. Kwa upande mmoja, hutaja kitu kilichoundwa kwa mfano wa kingine bila nia ya kumhadaa yeyote. Mtoto wa bandia ni mwanasesere, na hakuna anayemshitaki mtengenezaji wake. Meno bandia humsaidia mzee kutafuna, na hakuna anayedai yazimwe. Kwa upande wa pili, noti bandia na dawa bandia ni vitu vya hadaa. Neno lenyewe haliamui sura ipi itumike, bali nomino linaloandamana nalo na mazingira ya usemaji ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo, simu bandia iliingia katika mazungumzo ikiwa na utata ambao matangazo hayakuuondoa. Je, ilifanana na meno bandia, yaani kifaa mbadala kinachofanya kazi iliyokusudiwa, au ilifanana na noti bandia, yaani kitu kisicho na thamani yoyote isipokuwa ile ya kudanganya? Mamlaka ilimaanisha ya pili. Mtu aliyekuwa akipiga na kupokea fedha kwa simu yake kila siku alikuwa na kila sababu ya kuelewa ya kwanza.

Ghushi, lenye asili ya Kiarabu, ni tofauti kwa kuwa ni kitenzi kabla ya kuwa kivumishi. Mtu hughushi hati, hughushi sahihi, hughushi vyeti. Mahali palipo na kitenzi pana mtenda. Msikilizaji wa maneno "hati iliyoghushiwa" huuliza papo hapo: imeghushiwa na nani? Hata neno linapotumika kama kivumishi, kivuli cha mtenda hubaki. Kati ya maneno haya matatu, ghushi ndilo linaloelekeza kidole kwa aliyefanya hila.

Feki, kutoka Kiingereza, limepitia njia ya tatu. Halitaji kitendo wala mtenda, bali hutaja sifa. Zaidi ya hayo, limezoea kuvuka kutoka kwenye vitu hadi kwa watu: husemwa daktari feki, mganga feki, nabii feki, na hata rafiki feki. Uwezo huo wa kuvuka ndio unaolifanya liume. Simu ikiitwa feki, sifa hiyo haikai kwenye plastiki na betri tu. Humwandama mwenye simu. Anayetoa simu feki mfukoni mbele ya wenzake huonekana kama mtu aliyejaribu kujionyesha asivyo. Katika hali hiyo, neno linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linaeleza kifaa na kumwaibisha aliyekinunua.

Kinyume cha feki katika usemi wa mitaani si halisi, bali ni orijino. Hapa pia pana jambo la kutazamwa. Katika sanaa, nakala ya kwanza iliyotoka mkononi mwa msanii inaweza kutofautishwa na nakala zinazofuata. Walter Benjamin alikwisha kuonyesha katika insha yake ya mwaka 1936 jinsi uzalishaji wa kimashine unavyoivuruga tofauti hiyo. Simu ni mfano wa hali ya juu wa mvurugiko huo. Hakuna simu ya kwanza ambayo nyingine zimenakili. Kila simu inayoitwa orijino ni nakala mojawapo kati ya mamilioni. Inayoifanya iwe orijino ni idhini, yaani uhusiano wa kisheria baina ya kiwanda, chapa na msajili wa namba. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hawezi kuuona uhusiano huo kwa macho wala kuupima kwa kidole.

Vivyo hivyo ni usemi wa simu ya Mchina, uliotumika kwa muda mrefu kumaanisha simu dhaifu isiyoaminika. Usemi huo unajifanya kutaja mahali kitu kilikotengenezwa, ilhali unataja daraja. Simu nyingi za chapa zinazoheshimiwa duniani huunganishwa nchini China, na Tecno, chapa iliyopendwa mno barani Afrika, ni ya kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen. Anayeshikilia simu yake ya Tecno na kuidharau ya jirani kwa kuiita ya Mchina hasemi uongo kwa makusudi. Anatumia jina la taifa mahali ambapo lugha haijampa jina la ubora. Huo ni udhaifu wa mabishano ya umma, na uhakiki hauna budi kuutaja kama unavyotaja udhaifu wa lugha ya mamlaka.

3.0 Namba isiyoonekana

Ili kuelewa kwa nini maneno yalibishaniwa kwa ukali, ni lazima kuangalia kipimo chenyewe. Mtumiaji alielekezwa kubonyeza *#06# ili aone namba tambulishi ya simu yake, ile inayojulikana kwa kifupi cha IMEI. Nchini Tanzania, aliituma namba hiyo kwenda 15090 na kupokea ujumbe wa kumwarifu aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Kama jibu lililingana na kifaa alichoshika, simu ilikuwa salama. Kama halikulingana, siku zake zilihesabika.

Namba tambulishi ina tarakimu 15. Nane za mwanzo hutaja aina ya kifaa, sita zinazofuata hutaja kifaa mahususi, na ya mwisho ni ya kuhakikishia usahihi wa zilizotangulia. Kwa hiyo, mtambo unaozima simu hausomi ubora wa betri, uimara wa kioo wala nguvu ya mawimbi. Unasoma namba. Simu iliyoundwa vizuri lakini yenye namba isiyotambulika huzimwa, na kinadharia simu mbovu iliyobandikwa namba iliyoibwa kutoka kwenye simu halali inaweza kupita. Matangazo yalisema kuwa simu zenye madhara kwa afya na usalama zinaondolewa. Kipimo kilichotumika kiliangalia utambulisho.

Si haki kudai kwamba utambulisho hauna maana. Simu nyingi zikichangia namba moja, simu iliyoibwa haiwezi kufungiwa bila kuwafungia wasiohusika, na uhalifu unaofanywa kwa simu huwa vigumu kufuatiliwa. Hoja ya usalama ilikuwa na msingi. Tatizo la kilugha ni kwamba hoja mbili tofauti, moja ya utambulisho na nyingine ya ubora, zilifungwa katika neno moja, bandia. Raia alipojibu kwa hoja ya ubora, akisema simu yake ni nzima na inafanya kazi, alionekana hajaelewa. Kwa kweli alikuwa akijibu nusu ya neno aliloambiwa.

Neno nzima lenyewe linastahili kuzingatiwa. Kiswahili kina kivumishi -zima, chenye maana ya kamili, isiyo na kasoro, na kina kitenzi zima, chenye maana ya kukatisha moto, mwanga au nguvu. Ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti. Katika mabishano haya yalikutana ana kwa ana: simu nzima ilizimwa. Kivumishi kilitoka kwa mtumiaji, ambaye hupima kifaa kwa kazi yake, na kitenzi kilitoka kwa mamlaka, ambayo hupima kifaa kwa kumbukumbu zake.

Tena, simu zilizoitwa feki zilikuwa zimejibu mahitaji ambayo chapa kubwa zilichelewa kuyapa uzito. Katika soko ambamo kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, watu walimiliki laini mbili au tatu. Simu zisizo na chapa maarufu zilikuja na nafasi za laini hizo, spika zenye sauti kubwa na tochi. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la simu methali hiyo haikusimama sawasawa: simu ya laini mbili ilitembezwa na wamachinga na wakati huohuo ilijiuza yenyewe, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho mnunuzi alikihitaji.

Ulinganisho na tukio la mwaka uleule wa 2016 unalifanya jambo hili kuwa bayana zaidi. Samsung ilizindua simu ya Galaxy Note 7 mwezi Agosti. Baadhi zikashika moto kwa hitilafu ya betri. Mwezi Septemba kampuni ikatangaza kuzirudisha, na mwezi Oktoba ikasitisha utengenezaji wake kabisa. Baadaye simu zilizobaki mikononi mwa watumiaji wa Marekani zilitumiwa programu ya kuzizuia zisichajiwe. Simu hizo zilikuwa orijino kwa kila kipimo cha namba, na zilikuwa hatari kwa kiwango kilichowafanya waendeshaji wa ndege wazikataze. Lakini wanunuzi wake walirudishiwa fedha au kupewa kifaa kingine. Hapa inaonekana maana ya ndani ya uorijino: simu orijino ni ile yenye mtu wa kuwajibika inapoharibika. Simu feki ni yatima. Ilipozimwa, hasara yote ilibaki kwa aliyeishika mkononi.

4.0 Imezimwa, imezimika, nimezimiwa

Matangazo ya kuzima simu yalitegemea kauli ya kutendwa. Sentensi kama "simu bandia zitazimwa" ina kiima, simu bandia, na kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa. Mtenda hakutajwa, ingawa sarufi inaruhusu kumtaja kwa kutumia na. Mmiliki pia hakutajwa. Tukio linaelezwa kana kwamba lina wahusika wawili tu, kifaa na hatima yake. Huu ni mtindo wa kawaida wa lugha ya utawala, na si kila anayeutumia hukusudia kuficha jambo. Hata hivyo, athari yake ni kwamba binadamu wote wawili, anayezima na anayeumia, wanaondolewa katika sentensi.

Mzungumzaji mwingine angeweza kutumia kauli ya kutendeka: simu imezimika. Umbo hilo humwondoa mtenda hata katika fikra. Simu inazimika kama taa inavyozimika mafuta yakiisha. Muuzaji anayekwepa lawama huvutiwa na umbo hili.

Umbo la tatu ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa uhakiki huu. Mwenye simu husema: "nimezimiwa simu." Kwa kuongeza kiambishi cha kutendea kabla ya kile cha kutendwa, mzungumzaji anageuza mpangilio wote. Kiima sasa ni mtu, na simu imerudi kuwa kitu cha mtu. Mtenda bado hakutajwa, lakini kuwapo kwake kunahisiwa, kwa kuwa hakuna anayezimiwa bila kuwapo aliyezima.

Kauli ya kutendewa si ya madhara peke yake. Mtu hupikiwa chakula, hujengewa nyumba na hufunguliwa mlango. Lakini kuna kundi la vitenzi ambavyo, vikiwa katika kauli hii, hutaja pigo lililompata mtu kupitia kile kilicho chake. Aliyepoteza mzazi amefiwa. Mwizi akipita, simu imeibwa, lakini mtu ameibiwa. Kibanda kimevunjwa, lakini mchuuzi amevunjiwa. Anayesema nimezimiwa simu huiweka hatua halali ya mamlaka katika safu moja na msiba, wizi na uvunjaji. Hahitaji kutoa hoja ndefu wala kutumia tamathali, kwa kuwa mnyambuliko wa kitenzi umekwisha kutoa hoja kwa niaba yake.

Ipo hatari ya kuupa mnyambuliko nguvu kupita kiasi. Sarufi haiamui nani ana haki. Mwizi aliyenyang'anywa alichoiba naye anaweza kusema amenyang'anywa. Jambo linalothibitika ni dogo lakini ni la msingi: pande mbili hazikuwa zikisema sentensi moja kwa hisia tofauti. Zilikuwa zikisema sentensi mbili zenye viima tofauti. Mmoja alizungumza habari za simu, mwingine habari za mtu. Kwa hali hiyo, kurudia maelezo ya namba tambulishi, hata kwa ufasaha mkubwa, kusingeweza kumjibu aliyesema amezimiwa.

5.0 Ngonjera na malumbano

Tofauti hiyo ya kisarufi inalingana na tofauti ya kifani katika mapokeo ya Kiswahili ya kujibizana. Mapokeo hayo yana angalau njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya ngonjera, utanzu uliostawishwa na Mathias Mnyampala na kutumiwa sana nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika ngonjera, wahusika hujibizana kwa ushairi, na kwa kawaida mmoja ana ujuzi au msimamo sahihi na mwingine amepotoka au hajui. Mwisho hujulikana tangu mwanzo: asiyejua ataelimika, atashukuru, na wote watakubaliana. Ngonjera ilikuwa chombo bora cha kueneza siasa na elimu, na ni kosa kuidharau. Lakini haikuundwa kwa ajili ya hali ambamo asiyejua ana jambo ambalo mjuzi halijui.

Njia ya pili ni ya malumbano. Washairi wa pwani walijibizana kwa tungo tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, na baadaye kurasa za mashairi za magazeti, likiwamo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, ziliwapa watunzi wengi uwanja wa kuulizana na kujibizana. Katika malumbano, wapinzani huingia uwanjani wakiwa sawa. Ushindi haukuandikwa kabla, na hadhira ndiyo mwamuzi. Anayelumba ana wajibu wa kulijibu hasa neno alilotupiwa, la sivyo huonekana ameshindwa.

Kampeni ya kuzima simu iliandaliwa kwa umbo la ngonjera. Iliitwa elimu kwa umma. Ilikuwa na mjuzi na asiyejua. Ilikuwa na muda wa kujifunza na siku ya mwisho ambapo somo lingekamilika. Raia, kwa upande wao, walijibu kwa umbo la malumbano. Waliuliza simu hizo zilipitaje bandarini na mipakani. Waliuliza aliyetoza ushuru wakati zinaingia alikuwa wapi. Waliuliza kwa nini aliyenunua ndiye aadhibiwe ilhali aliyeuza anaendelea na biashara. Maswali hayo hayakuwa dalili ya kutoelewa somo. Yalikuwa hoja zilizosubiri jibu, na katika mantiki ya malumbano hoja isiyojibiwa huhesabiwa kuwa imeshinda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ngonjera iliweza kumwelimisha mnyonge, lakini haikuwa na nafasi ya kumpa haki ya kujibiwa.

Mapokeo ya kihakiki ya Kiswahili yenyewe yamewahi kupita katika ubishi wa aina hii kuhusu kilicho halisi. Baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kuchapishwa mwaka 1974, swali lililotawala lilikuwa kama tungo zisizo na vina na mizani ni mashairi au si mashairi. Watetezi wa mapokeo walikuwa na kipimo kilichokuwa kimeelezwa kwa utaratibu na Amri Abedi mwaka 1954, na mgogoro huo ulidumu kiasi kwamba mwaka 1984 Jumanne Mayoka aliufanya kuwa sehemu ya jina la kitabu chake. Ubishi ulikuwa mkali, lakini kipimo chake kilikuwa wazi kwa kila mtu: msomaji yeyote angeweza kuhesabu mizani kwa vidole na kusikia kina kwa sikio lake. Ndiyo maana wanamabadiliko waliweza kukihoji kipimo chenyewe, kwa kuuliza kama vina na mizani ndio uti wa mgongo wa ushairi au ni vazi lake mojawapo.

Mwenye simu hakuwa na fursa hiyo. Kipimo cha uhalisi kilikuwa katika rajisi asiyoifikia, na jibu lilirudi kwake likiwa ujumbe mfupi usioweza kukatiwa rufaa. Mgogoro wa ushairi unafundisha kwamba jamii inaweza kuvumilia kutokubaliana kwa miongo mingi iwapo kila mmoja anakiona kipimo. Kipimo kisipoonekana, mabishano huhama kutoka kwenye kitu na kwenda kwenye nia ya anayekipima.

Uhamaji huo ulijitokeza waziwazi nchini Kenya katika miaka iliyofuata. Mpango wa mdhibiti wa mawasiliano wa kuweka mtambo wa kutambua vifaa visivyo halali katika mitandao ya simu ulifikishwa mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliuzuia kwa misingi ya faragha, kabla ya Mahakama ya Rufani kuutengua uamuzi huo mwaka 2020. Neno feki lilikuwa limetoa sababu ya mtambo. Neno faragha likawa jibu. Kisha, kuanzia Januari 2025, wanaoingiza na kuunganisha simu nchini humo wakatakiwa kuziwasilisha namba tambulishi kwa ajili ya masuala ya ushuru. Namba iliyokuwa ushahidi wa uhalisi ikawa ushahidi wa kulipa kodi. Kifaa chenye chapa halisi kikaweza kuwa haramu kwa sababu ya njia kilikopitia. Jozi ya feki na orijino haikutosha tena, na jozi ya halali na haramu ikachukua nafasi yake.

6.0 Mhusika aliyepotea

Ukizikusanya sentensi za pande zote mbili, utagundua kwamba kuna mtu mmoja ambaye hatokezi. Katika "simu bandia zitazimwa" hayumo. Katika "nimezimiwa simu" hayumo pia. Mtenda anayehisiwa pale ni mamlaka. Huyo ni muuzaji, pamoja na mwagizaji aliye nyuma yake, yaani wale waliojua au walipaswa kujua walichokuwa wakiuza. Sentensi ya mamlaka ilimwondoa kwa kutaja kifaa tu. Sentensi ya raia ilimwondoa kwa kumkabili mwenye nguvu kubwa zaidi. Neno feki, kwa kuwa halina mtenda ndani yake, liliwawezesha wote wawili kufanya hivyo bila kuona pengo.

Si kwamba sheria na taasisi za kumkabili hazikuwapo. Tanzania ina Tume ya Ushindani yenye wajibu wa kupambana na bidhaa bandia, na ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Suala la makala haya ni kwamba lugha iliyotawala mabishano haikuelekeza macho huko. Anayeitwa mwenye simu feki hupewa umiliki wa kosa. Anayeitwa aliyeuziwa simu ghushi hupewa nafasi tofauti kabisa: kauli ya kutendewa inamtaja kuwa aliyefikwa na jambo, kitenzi uza kinamleta muuzaji, na ghushi inamleta mhadaifu. Hakuna neno jipya lililohitajika kuundwa. Maneno yote matatu yalikuwamo katika lugha.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mabishano kuhusu simu bandia hayakuwa pambano baina ya wajuzi na wasiojua. Bandia lilibeba maana mbili ambazo hazikutenganishwa. Feki lilihamisha aibu kutoka kwenye kifaa hadi kwa mnunuzi. Kauli ya kutendwa ilimwacha nje mtu ambaye kauli ya kutendewa ilimrudisha. Na umbo la ngonjera lilikutana na umbo la malumbano bila pande hizo kutambua kwamba zinafuata kanuni tofauti za kujibizana.

Mambo mawili yanafuata. Kwa wanaisimu, utafiti wa lugha ya teknolojia hauna budi kuvuka mipaka ya istilahi na kuingia katika minyambuliko, kwa kuwa watu hudai haki zao kwa viambishi kama wanavyozidai kwa maneno. Kwa wanaoandaa matangazo na elimu kwa umma, uteuzi wa maneno si pambo la mwisho baada ya sera kukamilika. Mamlaka itakayotangaza kesho kwamba vifaa fulani vitazimwa itaulizwa vitazimiwa nani, na viliuzwa na nani. Tangazo litakaloyajibu maswali hayo katika sentensi yake ya kwanza litakuwa limeingia uwanja wa malumbano likiwa na hoja mkononi.